Mwongozo kamili: kuhesabu watu wa kijiji kwa taratibu za sensa ya taifa

Watendaji wa vijiji, wenyeviti wa mitaa na kamati za maji huniletea malalamiko yale yale: wamehesabu watu wao, wamejaza daftari, kisha jumla hazikubaliani. Kamati ya maji ina idadi yake, shule ina yake, na daftari la wakazi lina ya tatu. Lawama huwaangukia makarani, na mara nyingi wanaonewa. Hesabu iliharibika kabla karani hajabisha hodi nyumba ya kwanza. Mipaka haikuchorwa, hakuna aliyeamua nani ahesabiwe wapi, na maswali yalikusanywa kama michango ya harusi, kila mjumbe akitupia lake.

Mwongozo huu unafuata hatua za Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Nimezipunguza zitoshe kijiji cha kaya mia tatu hadi mia tano.

Jambo moja kabla hatujaanza. Takwimu rasmi za nchi hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na kwa Zanzibar na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Hesabu yenu ni ya mipango ya ndani tu. Ipitisheni kwenye kikao cha serikali ya kijiji, iwepo kwenye muhtasari, mjulisheni mtendaji wa kata. Na mbele ya wananchi msiiite sensa. Iiteni uhakiki wa daftari la wakazi.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani ya mchoro ya kijiji kwenye karatasi ya manila, pamoja na nakala ya kila karani.
- Kaunta buku la kuorodhesha nyumba na kaya, moja kwa kila eneo.
- Madodoso, karatasi moja mbele na nyuma kwa kila kaya. Mkiwa na simu janja, KoboCollect (programu ya simu ya kujazia madodoso) inajaza bila mtandao na kutuma baadaye, lakini beba karatasi za akiba kwa sababu simu huisha chaji.
- Kalenda ya matukio (nitaieleza hatua ya 2).
- Chaki nyeupe, kalamu za wino, mifuko ya plastiki ya kukinga karatasi na mvua.
- Barua ya utambulisho yenye muhuri wa kijiji.
- Sanduku lenye kufuli.
- Karani mmoja kwa kaya 60 hadi 80, na msimamizi mmoja kwa makarani wanne au watano. Chagua watu wenye mwandiko unaosomeka na mdomo usiobeba habari za watu.

## Hatua ya 1: Chora jedwali kwanza, swali baadaye

Hapa ndipo hesabu nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

Kwenye sensa ya taifa, swali haliingii kwenye dodoso kwa sababu ni zuri. Wizara, taasisi na watumiaji wengine wa takwimu huleta maombi yao, na maombi huwa mengi kuliko nafasi. Kila swali likiongezwa, linaongeza mamilioni ya majibu ya kuuliza, kuhakiki na kuchakata. Linalobaki ni lile ambalo mtu anaweza kuonyesha jedwali litakalotoka humo na uamuzi utakaofanywa kwa jedwali hilo.

Fanyeni vivyo hivyo. Kila anayetaka swali achore jedwali tupu ubaoni: safu hizi, nguzo hizi, halafu aseme nani atafanya nini zikijaa. Kamati ya shule itachora watoto wa miaka 4 hadi 6 kwa kila kitongoji, kwa sababu inataka kujua darasa la awali lijengwe upande gani. Hilo linapita. Atakuja mjumbe anayetaka kujua kila mtu alihamia kutoka mkoa gani. Mwulize jedwali lake litaamua nini. Akijibu "ni vizuri kujua", swali limekufa hapo.

Yapo maswali yanayoachwa kwa sababu nyingine kabisa. Tanzania haiulizi dini wala kabila. Mara ya mwisho ilikuwa sensa ya 1967. Mwaka 2012 baadhi ya makundi ya Waislamu yalidai swali la dini lirudishwe na kuhamasisha watu wagome kuhesabiwa, serikali ikakataa kulirudisha. Kenya imechagua njia nyingine: inauliza kabila na dini, na mwaka 2019 iliongeza jibu la tatu kwenye swali la jinsi, kwa ajili ya huntha. Walihesabiwa 1,524. Uteuzi wa maswali ni siasa pia, na anayekwambia ni kazi ya wataalamu peke yao hajawahi kukaa kwenye kikao cha kuyapanga.

Kwa kijiji, ondoa dini, chama, na kadi ya mpigakura. Ondoa pia idadi ya ng'ombe na ekari. Sensa ya 2022 iliuliza kilimo na mifugo, lakini ilikuwa na Sheria ya Takwimu nyuma yake inayolinda siri ya mtu mmoja mmoja. Wewe una barua yenye muhuri. Mtu akisikia ng'ombe anawaza mchango, na akiwaza mchango hata idadi ya watoto anaipunguza.

Dodoso linalotosha vijiji vingi: jina, uhusiano na mkuu wa kaya, jinsi, umri, kama alilala hapa, kama ni mkazi wa kawaida, kama anasoma na yuko darasa gani, kazi kuu, na maswali ya ulemavu. Kwa kaya nzima ongeza chanzo cha maji, aina ya choo na nishati ya kupikia.

Utajua umefaulu ukiweza kunyoosha kidole kwenye swali lolote na kuonyesha jedwali lake ukutani.

## Hatua ya 2: Liandike swali lisiwe na maana mbili

Chukua swali la ulemavu. Ukiuliza "Kuna mlemavu hapa?", wengi watasema hapana. Bibi asiyeona vizuri hajioni mlemavu, anajiona mzee. Mzazi wa mtoto asiyesema anaona haya mbele ya mgeni. Sensa za kisasa hutumia maswali ya Washington Group, kundi lililoundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Neno "ulemavu" halitajwi. Linaulizwa jambo moja moja: una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Ya kusikia, hata kwa kifaa? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka au kuzingatia? Ya kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Ya kuelewana na watu katika mazungumzo?

Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, hawezi kabisa. Anayeingia kwenye jedwali ni mwenye "shida kubwa" au "hawezi kabisa" katika angalau jambo moja. Msitunge yenu, hayo yamejaribiwa nchi nyingi.

Umri ndio swali linalodanganya kuliko yote. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na karani mchovu hufanya hivyo hivyo kwa niaba yake. Dawa yake ni kalenda ya matukio: Uhuru (Desemba 1961), Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano (Januari na Aprili 1964), Azimio la Arusha (Februari 1967), Vita vya Kagera (1978 hadi 1979), kifo cha Sokoine (Aprili 1984), kuzama kwa MV Bukoba (Mei 1996), mvua za El Niño (1997 hadi 1998), kifo cha Mwalimu Nyerere (Oktoba 1999). Kisha jaza ya kwenu: mwaka shule ilipofunguliwa, mwaka mto ulipobeba daraja, mwaka wa njaa iliyopewa jina.

Inavyotumika mlangoni:

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Sitini. Au sabini. Andika sabini."

"Vita vya Amini vilikukuta wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa na huyu wa kwanza mgongoni."

"Na Uhuru?"

"Mama alisema nilikuwa natambaa."

Aliyekuwa anatambaa Desemba 1961 alizaliwa mapema mwaka huo, na mwaka 1979 alikuwa na miaka 18, umri unaoelekeana na mtoto wa kwanza mgongoni. Matukio mawili yamekubaliana, andika 1961. Yasipokubaliana, tafuta la tatu. Usikisie.

## Hatua ya 3: Chora mipaka kwa miguu

Kwa sensa, nchi nzima hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, kila moja na karani wake. Hakuna kipande kinachobaki nje na hakuna kinachoingia mara mbili. Watu wanaosahaulika na wanaohesabiwa mara mbili hupatikana pembezoni, si katikati.

Mpaka uwe kitu kinachoonekana na kisichohama: mto, korongo, barabara, reli. "Shamba la Mzee fulani" si mpaka, linauzwa. Wenyeviti wa vitongoji viwili jirani watembee mpaka wao pamoja, siku moja, na wote wawili waweke sahihi kwenye mchoro. Wakigombania nyumba tatu, afadhali wagombane sasa.

Utajua umefaulu ukiwauliza makarani wawili, kila mmoja peke yake, nyumba ile ya bati jekundu ni ya nani, nao wakataja jina moja.

## Hatua ya 4: Orodhesha nyumba, kisha kaya

Siku chache kabla ya hesabu yenyewe, kila karani apite eneo lake akiipa kila nyumba namba kwa chaki na kuandika wakuu wa kaya kwenye kaunta buku. Usitumie rangi nyekundu, wala usiandike X. Kila aliyejenga karibu na barabara anajua maana ya X, na utakuta familia imekusanyika uani inakungoja kwa maelezo.

Nyumba si kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe. Nyumba ya wapangaji sita wanaopika kila mtu chumbani kwake ni kaya sita. Kijana aliyejenga chumba chake nyuma lakini anakula kwa mama yake ni wa kaya ya mama. Mwanamume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake: hizo ni kaya mbili, naye atahesabiwa kule alikolala usiku wa hesabu. Mke wa pili atakwambia "mwandike na huku, ni mume wangu pia." Mkubalie kwa heshima kwamba ni mume wake, halafu usimwandike.

Zunguka nyuma ya kila nyumba. Mlinzi anayelala dukani, mwalimu aliyepewa chumba ofisini, vijana wa kuchunga wanaolala zizini: hao hawana mlango wa mbele wa kubisha.

## Hatua ya 5: Chagua usiku mmoja, ushikamane nao

Bila usiku wa rejea, anayesafiri Jumatatu anahesabiwa kwake na kwa dada yake, na asiyekuwepo popote anapotea. Tanzania ilitumia usiku wa kuamkia Jumanne, 23 Agosti 2022. Makarani waliendelea kupita nyumba siku kadhaa baada ya hapo, lakini swali halikubadilika: nani alilala hapa usiku ule?

Kanuni za usiku huo:

- Mgeni anahesabiwa alikolala, hata kama anaondoka alfajiri.
- Mlinzi, nesi wa zamu au mvuvi aliyekesha kazini na kurudi asubuhi anahesabiwa kwenye kaya yake.
- Mwanafunzi wa bweni anahesabiwa shuleni, na mgonjwa aliyelazwa hospitalini.
- Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku anahesabiwa; aliyezaliwa baada ya hapo, hapana.
- Aliyefariki kabla ya saa sita hahesabiwi. Aliyefariki baada ya hapo anahesabiwa, kwa sababu saa sita alikuwa hai. Mwelekeze karani namna ya kuuliza hili kwenye nyumba yenye msiba, au asubiri siku mbili.

Kwa kijiji, weka nguzo mbili: alilala hapa na mkazi wa kawaida. Mipango ya maji na madawati inahitaji wakazi, ila ukaguzi wa hesabu unahitaji waliolala. Ukichanganya hizo mbili katika nguzo moja, hutaweza kuzitenganisha tena, na hapo ndipo kamati ya maji na shule zinapoanza kubishana kila moja ikiwa na ukweli wake.

Kuhusu tarehe: sensa zote za Tanzania tangu 1967 (zikifuatiwa na 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022) zimefanyika Agosti, kiangazi, barabara zikipitika. Kwepa masika, sikukuu, likizo za shule na siku ya mnada.

## Hatua ya 6: Jaribu kwanza

NBS ilifanya sensa ya majaribio mwaka 2021, mwaka mzima kabla. Ninyi jaribuni kaya kumi na tano za kitongoji kimoja, msimamizi akiwa na saa mkononi. Swali ambalo watu watatu wameomba lirudiwe liandikwe upya. Kaya ikizidi nusu saa, rudini hatua ya 1 mkapunguze.

## Hatua ya 7: Mlangoni

Mwenyekiti wa kitongoji amtambulishe karani, kisha asogee mbali. Akibaki ameketi, atasikia umri wa mama mwenye nyumba na kazi ya kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, na majibu yatabadilika.

Andika majina yote ya waliolala kabla ya kuuliza swali lingine lolote: mkuu wa kaya, mwenzi wake, watoto kuanzia mkubwa, ndugu wengine, wasio ndugu. Ukimaliza, soma orodha kwa sauti na uulize sentensi hii neno kwa neno: "Kuna mtoto mchanga, mgeni, mgonjwa, au msaidizi wa kazi ambaye hatujamtaja?" Watoto wachanga husahaulika karibu katika kila sensa duniani. Mama anahesabu wanaokula ugali, na wa wiki mbili hali.

Jibu litoke kwa mtu mzima wa kaya hiyo. Nyumba ikiwa imefungwa, rudi mara tatu kwa saa tofauti, mojawapo iwe baada ya magharibi. Jirani aulizwe idadi tu, na pembeni uandike kwamba imetoka kwa jirani.

Anayekataa asibishiwe. Karani aondoke, arudi msimamizi na mzee anayeheshimika.

## Hatua ya 8: Kagua kila jioni, si mwishoni

Makosa ya jana husahihishika leo. Ya wiki iliyopita hayasahihishiki. Msimamizi aangalie:

1. Idadi ya madodoso inalingana na kaya zilizoorodheshwa kwenye kaunta buku.
2. Mama amemzidi mwanawe angalau miaka 12.
3. Hakuna mkuu wa kaya mwenye miaka 7. (Hutokea sana, ni 70 iliyokosa sifuri.)
4. Kati ya watu wa miaka 23 hadi 62, wenye umri unaoishia na 0 au 5 ni karibu mmoja katika watano. Wakifika mmoja katika watatu, karani huyo hatumii kalenda ya matukio. Mrudishe nyumba kwa nyumba kwa swali hilo.

Ukaguzi huu si mapambo. Agosti 2010 serikali ya Kenya ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009 iliyakataa ya wilaya 8 za kaskazini, zikiwemo za Turkana, Mandera na Wajir, kwa sababu ongezeko la watu halikuendana na vizazi na vifo, wala muundo wa umri haukukubaliana nalo. Mkijua kwamba fedha zitafuata idadi, mjue pia kwamba mtu atajaribu kuongeza majina. Majina ya hewa hujitambulisha: watoto wengi wa umri mmoja, wazee wachache, na mwandiko uleule usiochoka.

## Hatua ya 9: Hesabu tena kipande kidogo

Ndani ya wiki mbili, chagua kwa kura eneo dogo moja na upeleke karani mwingine ambaye hajaona madodoso ya kwanza. Aulize usiku uleule. Kisha linganisha jina kwa jina.

Tuseme wa kwanza alipata watu 80, wa pili 75, na walioonekana kwenye orodha zote mbili ni 72. Zidisha 80 kwa 75, ugawe kwa 72: unapata 83. Kwa hiyo kuna kama watu watatu ambao karani wa kwanza hakuwapata. Sensa za taifa hutumia hesabu ya namna hii kupima ubora wake.

Usiongeze hao watatu kwenye daftari. Andika tu kwenye ripoti kwamba hesabu ilikosa takriban watu 4 katika kila 100, na tazama ni akina nani waliokosekana. Wakiwa wote vijana wanaume, ujue karani alipita saa ambazo wako bodaboda au shambani.

## Hatua ya 10: Jaza majedwali, funga majina

Rudi kwenye majedwali tupu ya hatua ya 1 uyajaze. Jumla kwanza, mchanganuo baadaye: hata matokeo ya 2022 yalipotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba, zilitoka idadi kuu, na ripoti za undani zikafuata kwa awamu.

Soma jumla kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ubandike ubaoni. Majina yasitoke. Angalia pia vyumba vya jedwali vyenye mtu mmoja au wawili: ukiandika "kitongoji cha Mtoni, asiyeona kabisa, 1", umemtaja. Unganisha vitongoji mpaka idadi ikue.

Madodoso yakae kwenye sanduku lenye kufuli, funguo mbili kwa watu wawili, na kikao kipange tarehe ya kuyachoma.

Mwisho, tafuta idadi ya eneo lenu katika matokeo ya 2022 yaliyochapishwa na NBS na uilinganishe na yenu. Usichukue ongezeko la taifa la asilimia 3.2 kwa mwaka ukalibandika kijijini. Ni wastani wa nchi, na kijiji kinachotoa vijana kwenda mjini kinaweza hata kupungua. Tofauti ikiwa kubwa, kabla hujamwita karani yeyote, uliza kama kijiji kiligawanywa au kitongoji kilihamishwa tangu 2022. Kama hakuna kilichobadilika, chukua mchoro wa hatua ya 3 na uanzie pembezoni.